Ovaroli Zinazotubana

Siku ile stoo ilipogawa ovaroli mpya, wengi wetu tulirudi dirishani mara mbili. Tulikuwa tumeandikisha namba zile zile tulizokuwa tukivaa miaka mitatu iliyopita, na nguo zilipofika vifungo vya tumboni vikakataa kufika kwenye matundu yake. Mtunza stoo akacheka, nasi tukacheka. Mwenzetu mmoja tu hakucheka. Huyo ndiye dereva wa gari la kunyanyulia mizigo, lile tunaloliita foko.

Wanaomfahamu tangu zamani wanajua kwamba kabla ya foko kununuliwa alikuwa kuli. Alibeba magunia mgongoni kutwa, akapanda nayo ubao mpaka ndani ya lori, akashuka, akapanda tena. Mchana alikula posho sahani nzima yenye kilima, na maharagwe, na hakuna aliyemwona ana tumbo. Foko lilipokuja akachaguliwa kulifundishwa. Mshahara ukapanda, tukampa mkono wa pongezi. Mwaka huu alipopimwa akaonekana ana presha na ana sukari. Ofisi ikamwandikia barua kwamba dereva mwenye maradhi hayo ni hatari, kwa hiyo atarudishwa ukuli kwa mshahara wa kuli, na kwamba maradhi yenyewe yametokana na "uzembe wake katika kula".

Ndugu wafanyakazi, neno hilo "uzembe" ndilo lililotufanya tuandike. Mtu aliyebeba magunia miaka kumi na mbili bila kukosa zamu haitwi mzembe.

Hebu tuangalie lililotokea. Chakula ni kuni za mwili. Mtu anayebeba mizigo huchoma kuni nyingi. Anayekaa juu ya kiti akivuta vyuma kwa mkono huchoma chache. Mwenzetu hakuongeza hata kijiko kimoja cha posho. Alikula kile kile alichokula alipokuwa kuli, ila kazi ndiyo iliyobadilika chini yake. Kuni zisizochomwa mwili huziweka akiba, na ghala la akiba hiyo ni tumbo, mapaja na shingo. Haya hayaonekani kwa wiki moja wala kwa mwezi. Yanaonekana siku ya kugawa ovaroli.

Jambo hili si geni, wala halikuanzia kwetu. Mwaka 1953 daktari mmoja wa Uingereza, Jerry Morris, pamoja na wenzake, walitoa matokeo ya uchunguzi wao juu ya wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa mjini London. Dereva alikaa kitini zamu nzima. Kondakta alipanda na kushuka ngazi za basi kutwa akikata tikiti. Walikuwa watu wa shirika moja, lakini makondakta walipatwa na ugonjwa wa moyo kwa uchache kuliko madereva. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1956, wakaangalia vipimo vya suruali za sare ambazo shirika liliwashonea watu hao. Viuno vya madereva vilikuwa vipana zaidi. Tuseme kweli yote: hata vijana walioanza kazi karibuni walionyesha tofauti hiyo, kwa hiyo kiti peke yake hakiwezi kubebeshwa lawama yote. Lakini sisi tuliosimama mbele ya dirisha la stoo hatukuhitaji kuelezwa mara mbili suruali inaweza kusema nini.

Sasa tujitazame wenyewe, maana tukimlaumu mwajiri tu tutakuwa tumesema nusu.

Tuanze na chai ya saa nne. Wengi wetu hutoka nyumbani alfajiri tumbo tupu, na ikifika saa nne mwili unatetemeka. Hapo huja kikombe kikubwa na vijiko vinne vya sukari, mandazi mawili au chapati, na anayepata fedha anaongeza mayai, akaviringisha, ikawa rolex. Hatuoni aibu kwa hilo. Sukari ni nguvu ya haraka na ya bei nafuu, na watu wa viwanda wameitegemea tangu karne ya 19, wakati wafanyakazi wa Uingereza waliposhinda mashineni kwa chai tamu na mkate. Lakini tuhesabu. Kijiko cha chai kilichosawazishwa kina gramu 4 hivi za sukari, na sisi hatusawazishi. Vijiko vinne asubuhi, vinne saa kumi, vinne usiku, ni gramu 48 na zaidi, bila kuhesabu soda. Shirika la Afya Duniani mwaka 2015 lilishauri kwamba sukari ya kuongezwa kwa mtu mzima wa kawaida isizidi gramu 50 hivi kwa siku, na kwamba ikishuka mpaka 25 ni bora zaidi. Maana yake kwa chai peke yake tumekwisha fika mwisho wa kamba.

Kisha soda. Chupa ya mililita 300 ina sukari zaidi ya gramu 30, karibu vijiko vinane. Ungemwona mtu akitia vijiko vinane katika glasi moja ya maji ungemshika mkono. Nguvu iliyomo katika chupa hiyo ni kalori kama 130, na mtu wa kilo 70 akitaka kuimaliza atembee kwa haraka nusu saa nzima. Wabaya zaidi ni ndugu zetu wa chupa kubwa ya plastiki ya nusu lita, ambao hunywa wakiwa wamesimama na kuamini kwamba hawajala kitu. Tumbo halishibi kinywaji kama linavyoshiba maharagwe. Aliyekunywa soda atakula chakula chake cha mchana kama kawaida, juu yake.

Lakini kwa nini tunanunua soda? Katika kiwanda chetu bomba la maji ya kunywa liko nyuma ya ofisi, ng'ambo ya uwanja wa malori, na mnyapara huandika dakika za kila anayeondoka mashineni. Mwenye kibanda cha soda anaruhusiwa kupita na kreti lake mpaka mlangoni kwetu. Basi mwenye kiu afanye nini? Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya Uganda ya mwaka 2006 inamtaka mwajiri aweke maji safi ya kunywa kwa wafanyakazi. Bomba ambalo kulifikia ni kukatwa dakika, kwetu sisi halijawekwa.

Ya mchana nayo yana lake. Tunapewa dakika chache, foleni ni ndefu, tunameza bila kutafuna na kurudi mbio. Anayekula hivyo hushtukia amekula mengi kabla tumbo halijamwambia basi. Na zamu ya usiku ndiyo mbaya kabisa. Tunakula saa sita usiku ili tusisinzie, tunakula tena asubuhi kwa sababu watoto wanakula, kisha tunajaribu kulala mchana chini ya bati la moto, jirani akipiga redio. Wataalamu wamekwisha kuthibitisha kwamba mtu aliyepunjwa usingizi huwa na njaa zaidi, na njaa yake hutaka vitu vitamu na vya mafuta. Sisi tulilijua hilo kabla hawajalipima.

Kuna suala la miguu. Wazee waliofanya kazi Jinja husimulia jinsi walivyotoka nyumba za Walukuba asubuhi kwa miguu, makundi kwa makundi, na jioni wakarudi vivyo hivyo. Baadaye zikaja baiskeli za boda boda, na hapo angalau mmoja kati ya wawili alikuwa akichoma kuni. Leo ni pikipiki mpaka getini, na abiria na dereva wote wamekaa. Hatusemi pikipiki ziondoke. Mama anayetoka zamu saa nne za usiku hatatembea gizani peke yake ili apunguze kiuno, na atakayemshauri hivyo hana akili. Lakini sisi wanaume ambao nyumba zetu ziko mwendo wa dakika ishirini, tunaolipa nauli asubuhi na kulalamika tarehe 20 kwamba fedha zimekwisha, tuna la kujibu.

Na jioni ya mshahara? Hapo tuseme kwa sauti ya chini. Chupa moja ya bia ya nusu lita ina kalori kama 200. Chupa nne ni 800, na hazijafika nyama choma na chipsi. Wako wanaosema bia ni maji ya shayiri tu. Maji hayana kalori hata moja.

Ndugu zetu wa mashambani wasisome haya kwa haraka wakajifunga njaa. Mkata miwa wa Busoga, au mchuma chai wa Toro anayepanda na kushuka vilima na kikapu mgongoni, anachoma kuni kuliko sisi wote, na shida yake mara nyingi ni chakula kidogo, si kingi. Huyo tumpiganie apate posho ya kutosha, maharagwe, mukene na mboga. Lakini siku akipandishwa kuwa mnyapara, akapewa pikipiki na kitabu cha kuandikia majina, au akafundishwa kuendesha mashine ya kuchumia chai, basi sahani yake nayo ipandishwe cheo kwa kushushwa kilima. Hakuna anayemwambia hivyo. Anaambiwa hongera tu.

Tena anaambiwa kwamba amependeza. Hapa tunagusa jambo zito. Watu wazima wa Uganda wanakumbuka miaka ya 1980, wakati UKIMWI ulipoenea Rakai na Masaka na watu wakauita "Slim", kwa sababu wagonjwa walikonda mpaka wakabaki mifupa. Tangu wakati huo aliyekonda anatazamwa kwa jicho la pembeni. Mwenzetu mmoja wa idara ya kushona alipoacha sukari akapungua kilo kadhaa, majirani walianza kumletea matunda na kuuliza kama ana wa kumwachia watoto. Alirudia sukari yake. Hatumcheki. Uchunguzi wa Demografia na Afya wa mwaka 2016 ulikuta kwamba katika kila wanawake 100 wa Uganda wenye miaka 15 mpaka 49, 24 walikuwa na uzito uliozidi kipimo cha afya. Kwa wanaume walikuwa 9. Kwa hiyo anayedhani kitambi ni dalili ya cheo na afya ajue kwamba siku hizi kinampata hata asiye na cheo chochote, na presha haiulizi mtu analipwa shilingi ngapi.

Mwezi wa Aprili 2020, watu walipofungiwa majumbani kwa ajili ya korona, Rais Museveni alionyeshwa kwenye televisheni akifanya mazoezi ofisini kwake. Watoto wetu walimwiga wakafurahi. Ni jambo jema. Ila chumba kile kilikuwa kikubwa, na sisi tunakaa watu sita katika chumba kimoja na jiko. Mazoezi ya mfanyakazi lazima yapatikane katika njia ya kwenda kazini na katika kazi yenyewe, la sivyo hayatapatikana.

Kwa hiyo tawi letu halikupeleka ofisini maombi ya uwanja wa mpira. Tulipeleka mambo madogo ambayo fundi anaweza kuyamaliza kwa wiki moja. Tumetaka bomba la maji ndani ya kila idara, na kwenda kunywa kusihesabiwe utoro. Tumetaka nusu saa kamili ya kula, inayoanza mtu anapopokea sahani, si anapoacha mashine. Kantini ipike mboga za majani kila siku na ipunguze mafuta, na chai iletwe bila sukari, sukari iwekwe pembeni kila mtu ajitilie mwenyewe. Wanaokaa kutwa wabadilishane kazi na wanaosimama, bila kuguswa mshahara. Na kupima presha na sukari kuwe kwa kila mtu, kwa siri, na karatasi ya daktari isigeuzwe barua ya kumshusha mtu cheo. Hili la mwisho ndilo la kwanza kwetu. Watu wakiona kwamba anayepimwa anashushwa, hakuna atakayekubali kupimwa, na tutakuwa tukizikana tukiulizana alikuwa anaumwa nini.

Shirika la Kazi la Dunia lilikwisha kutoa pendekezo juu ya kantini, mapumziko na usafiri wa wafanyakazi tangu mwaka 1956, nalo ni Pendekezo namba 102. Mwaka 2005 likachapisha kitabu kizima juu ya chakula kazini. Meneja aliyetuuliza mambo haya tumeyatoa wapi tulimpa majina ya vyote viwili.

Jibu limefika wiki iliyopita. Bomba moja limekubaliwa, katika idara ya kupakia, na fundi amekwisha kuja kupima. Nusu saa ya kula "itaangaliwa". Kuhusu dereva wa foko, barua ya kumshusha imesimamishwa kwa miezi mitatu, mpaka apimwe tena mbele ya mjumbe wa chama. Kwa sasa yuko kwenye foko lake. Asubuhi anashuka boda boda kwenye mzunguko wa barabara na kumalizia kwa miguu, nasi wawili watatu tumeanza kumsindikiza. Ovaroli bado anavaa ile ya zamani, iliyoongezwa kitambaa ubavuni, kwa sababu ile mpya amekataa kuirudisha stoo.