Usigeuze nyayo kwa kuiga video, goti lako lina kipimo chake

Wiki iliyopita mama mmoja mwenye goti lililosagika aliingia kliniki akitembea huku vidole vya miguu amevielekeza ndani. Binti yake aliona kwenye simu kwamba mwendo huo unaponya magoti. Maumivu yalikuwa yamezidi.

Alichokiona binti kina chanzo cha kweli. Mwaka 2025 jarida la The Lancet Rheumatology lilichapisha utafiti wa Marekani ulioongozwa na Scott Uhlrich wa Chuo Kikuu cha Utah. Watu 68 waliosagika goti upande wa ndani, ambao hawajafikia hatua mbaya, walipimwa kwa kamera na mashine mzigo unaolielemea goti wanapotembea. Kundi moja lilifundishwa kugeuza nyayo kidogo, nyuzi 5 au 10 tu. Kundi la pili lilipitia mafunzo yaleyale, lakini likaachwa na mwendo wake wa kawaida. Baada ya mwaka mmoja, waliobadili mwendo walipata nafuu kubwa zaidi, na picha za MRI zilionyesha gegedu lao likiharibika polepole zaidi.

Video haisemi kwamba wengine waligeuza nyayo ndani na wengine nje, kila mmoja kwa kipimo chake. Ambao vipimo vilionyesha hawatanufaika hawakuingizwa kabisa. Ukikisia, unaweza kuliongezea goti mzigo badala ya kulipunguzia. Ni kama kumeza dawa aliyoandikiwa jirani.

Mashine za namna hiyo sijaziona katika hospitali nilizofanyia kazi, na sitakudanganya kwamba zinakuja kesho. Yapo unayoweza kuanza leo. Fimbo ishike kwa mkono ulio kinyume na goti linalouma. Wengi huishika upande uleule. Kaa kwenye kiti, nyoosha goti, hesabu hadi 5, shusha, rudia. Misuli ya paja ikiimarika goti hupumua. Kama una uzito mkubwa, kila kilo 1 unayopunguza huliondolea goti karibu kilo 4 za mzigo kwa kila hatua. Na hizo diklofenaki za duka la dawa, usizimeze miezi mfululizo bila daktari kujua: huchubua tumbo na kuumiza figo.

Yule mama nilimrudisha kwenye mwendo wake wa zamani na kumpeleka kwa mtaalamu wa fiziotherapia. Binti ameahidi kumsimamia mazoezi. Nitawaona tena baada ya wiki 6.