Mafuta ya Msamaria Yalikuwa Tayari Mkobani

Jumapili tarehe 3 Desemba 2023, siku makanisa yetu yalipoanza Majilio, kipindi cha kuuandaa moyo kumpokea Bwana, mvua kubwa ilimomonyoa sehemu ya Mlima Hanang. Matope, mawe na magogo yakaporomoka hadi mji wa Katesh na vijiji vya jirani. Watu zaidi ya 80 walifariki, na wengi waliookoka walibaki na nguo za mwilini tu. Nchi nzima ilihuzunika. Unga, magodoro na blanketi vikapakiwa kwenda Manyara, na hata sisi ambao hatujawahi kufika huko tukafungua makabati.

Nilikuwa miongoni mwa waliochambua nguo zilizoletwa parokiani kwetu. Nilichokiona nakisema bila kumsuta mtu, maana mfuko mmojawapo ulikuwa wangu. Kulikuwa na viatu vya mguu mmoja, blauzi zisizo na vifungo, suruali zilizochanika magoti, mashuka yanayonuka uvundo. Katikati ya rundo lile nikakuta kifurushi kidogo kilichofungwa kwa gazeti. Ndani yake mlikuwa na doti ya kanga, imefuliwa ikapigwa pasi, na katikati ya mkunjo kipande cha mche wa sabuni. Aliyekifunga, ambaye sijamjua hadi leo, alikaa akamfikiria mwanamke aliyepotelewa na kila kitu: atajifunga nini, na kikichafuka atakifulia nini. Sisi wengine tulikuwa tumefikiria makabati yetu.

Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Methali hii tunaipenda sana siku ya harambee. Lakini moyo wenyewe unatoka wapi? Tangazo la padri baada ya misa haliwezi kuuumba kwa dakika tano.

Tumtazame Msamaria katika Injili ya Luka, sura ya 10. Tumezoea kusifu huruma yake. Mimi naomba tuuangalie mkoba wake. Njia ya kushuka Yerusalemu kwenda Yeriko ilikuwa ya nyika kavu na makorongo, mahali pa wanyang'anyi, si pa maduka. Mafuta na divai alivyomwagia majeruhi vidondani alikuwa navyo tayari mzigoni. Dinari mbili alizomwachia mwenye nyumba ya wageni, ambazo ni ujira wa kibarua wa siku mbili, alikuwa nazo pia. Tena aliahidi kurudi na kulipa kitakachozidi. Kuhani na Mlawi waliotangulia kupita, nani ajuaye, huenda nao walisikitika. Masikitiko hayakumfunga mtu kidonda.

Atatokea wa kuniambia kwamba hata wasiosali husaidia. Ni kweli, na mara nyingine wanatupita mbali. Msamaria mwenyewe hakuhesabiwa na Wayahudi kuwa mtu wa dini sahihi. Kwa hiyo imani hatukupewa tujivunie. Tumepewa iulinde moyo usipoe redio zinapoacha kutangaza, kwa sababu matangazo ya Katesh yalikoma, na aliyefiwa siku ile angali mfiwa.

Katika jumuiya zetu ndogo ndogo tunakutana kila wiki nyumbani kwa mmoja wetu, tunasoma Injili, tunachanga, kisha tunawaombea wagonjwa wote na maskini wote. Sala hiyo ni njema, ila ni pana mno, haina mtu ndani yake. Mtaje mtu kwa jina. Ukimwombea mama jirani anayeuguza mguu siku saba mfululizo, ya nane utaona aibu kupita mlangoni pake bila kubisha hodi. Na kufunga je? Chakula unachoacha Ijumaa kina bei yake. Itenge pembeni, kwani nabii Isaya, sura ya 58, anaifunganisha saumu na mkate wa mwenye njaa. Anayesema hana kitu amkumbuke mjane wa Sarepta, aliyekuwa na konzi moja ya unga.

Ninayempenda kuliko wote ni Dorkasi wa Yafa, katika Matendo ya Mitume, sura ya 9. Alipofariki, wajane walisimama wakilia, wakimwonyesha Petro nguo alizowashonea. Nguo ya kushonewa hutaka vipimo. Dorkasi alikuwa anawajua wajane wake kwa mabega yao, nani mnene, nani amekonda tangu mwezi uliopita. Ujuzi wa namna hiyo haupatikani siku ya maafa.

Basi ndugu msomaji, wiki hii jumuiya ikimaliza sala, usiharakishe kuondoka. Muulize mwenyekiti ni nani hajaonekana kwa wiki tatu. Liandike jina lake ndani ya Biblia yako, uliombee, na siku utakayokwenda kumwona, mchukulie sabuni.