Lisikatwe! Blanketi la mama na picha yake

Akina mama wapenzi, na ninyi akina baba msomao ukurasa huu ingawa hamkubali kwamba mwausoma, leo tuna barua ya kujibu. Imetoka kwa mama mmoja wa Bukavu. Twaiweka hapa kwa ufupi, bila jina, kwa kuwa shida yake yaweza kuwa shida ya jamaa nyingi.

Yeye aandika hivi: «Mama yetu mzazi alifariki mwaka uliopita. Hakuacha mali nyingi. Aliacha blanketi moja aliloshona kwa mkono wake, kwa viraka vya nguo zetu za utoto na vya ovaroli za marehemu baba, aliyekuwa fundi wa magari. Sisi watoto tumebaki watatu: mimi niko hapa, mdogo wangu yuko Lubumbashi, na kaka yetu yuko Ubelgiji. Kila mmoja alitaka blanketi lile. Sasa shangazi yetu ametoa shauri tulikate vipande vitatu, na mdogo wangu amekubali. Mimi nikishika mkasi mikono yatetemeka. Nimejaribu kulipiga picha kwa simu, ili kila mmoja awe na picha yake, lakini haifai kitu. Nifanye nini?»

Picha ile ametutumia pamoja na barua. Blanketi limetupwa juu ya mgongo wa kiti, chumbani mwenye giza. Taa ya simu imefanya kiraka kimoja kuwa cheupe kama chokaa, na vingine vyote vimezama gizani. Kwa pembeni waonekana mguu wa mtoto. Kama tungeambiwa kwamba ni gunia la viazi, tungesadiki.

Mama, jibu letu la kwanza ni fupi: lisikatwe. Blanketi la viraka si mkate. Ukilikata, nyuzi zitafumuka, na kama lina pamba ndani itatoka. Tena kazi ya mama yenu haikuwa katika kiraka hiki au kile, bali katika namna alivyovipanga vyote pamoja. Ovaroli ya baba yenu aliiweka karibu na gauni lako kwa sababu yake. Mkigawana vipande, kila mmoja atakuwa na kitambaa kikuukuu, wala hakuna atakayekuwa na blanketi la mama.

Jibu la pili: wazo lako la picha ni jema kuliko ulivyofikiri. Shida ni namna ulivyoipiga. Lakini kwanza twataka kuwasimulia habari za akina mama wa mbali, washonaji wa mablanketi kama hilo, mpate kuona picha moja yaweza kufanya nini.

Katika jimbo la Alabama, kusini mwa Marekani, kuna kijiji kiitwacho Gee's Bend, ambacho mto umekizunguka pande tatu. Wenyeji wake ni Wamarekani weusi, wajukuu na vitukuu vya watumwa waliolima pamba mahali pale. Hata leo wengi wao waitwa Pettway, na hilo lilikuwa jina la mwenye shamba aliyewamiliki wazee wao. Zamani nyumba zao zilikuwa za mbao, na majira ya baridi upepo ulipenya katika nyufa. Basi akina mama walikusanya suruali za kazi zilizochakaa, mashati na magunia, wakavikata na kushona mablanketi ya viraka. Hawakuwa na nia ya kutengeneza vitu vya kutazamwa. Walitaka watoto wao wapate joto. Mwaka 1942 mama mmoja, Missouri Pettway, alikuwa amefiwa na mumewe. Alizichukua nguo za kazi za marehemu, akazishona pamoja na binti yake Arlonzia, likawa blanketi la kumkumbuka na la kujifunika. Mama wa Bukavu, waona kwamba mama yako alikuwa na mwenzake.

Mwezi wa Desemba 1965, padre mmoja wa Kanisa la Episcopal, Francis X. Walter, alipita kwa gari katika wilaya ile, akaona mablanketi matatu yameanikwa kwenye kamba nje ya nyumba. Alisimama kuyatazama. Mwenye nyumba alipomwona mzungu asiyemjua alikimbilia msituni, kwa maana siku zile weusi waliodai haki ya kupiga kura walikuwa wakifukuzwa katika nyumba na mashamba. Lakini kamba ile ilikuwa imekwisha kusema. Mwaka 1966 akina mama wa sehemu zile walianzisha chama cha ushirika, Freedom Quilting Bee, na mablanketi yao yakauzwa kwa mnada katika mji wa New York.

Baadaye ikaja habari ya picha. Mpiga picha Roland Freeman, naye ni Mmarekani mweusi, alitoa mwaka 1996 kitabu juu ya washonaji wa mablanketi. Ndani yake kulikuwa na picha ya mama mzee, Annie Mae Young, na blanketi lake limetandazwa juu ya lundo la kuni. Mtu mmoja mkusanyaji wa kazi za sanaa, William Arnett, aliiona picha ile, asipate raha mpaka alipofunga safari mwaka 1998 kumtafuta mama huyo. Alimpata. Yasimuliwa kwamba juma moja kabla yake mama alikuwa amechoma mablanketi mengine ya zamani, ili moshi wake ufukuze mbu. Mwaka 2002 mablanketi ya Gee's Bend yalitundikwa katika jumba la sanaa la Houston, kisha katika jumba la Whitney mjini New York, na mwaka 2006 serikali ya Marekani ilitoa stempu 10 zenye picha zake.

Hebu tufikiri kidogo. Blanketi lililopigwa picha lilitafutwa na kupatikana. Yale yaliyochomwa yalikuwa mazuri au mabaya? Hakuna atakayejua. Tena angalieni jambo hili: picha ile ilikuwa na jina. Kama kitabu kingesema tu «blanketi la mwanamke wa Alabama», nani angejua aanzie wapi kumtafuta?

Sasa turudi nyumbani kwetu, tulitundike blanketi la mama.

Kwanza, litayarishe. Lipeleke nje, ulikung'ute polepole, kisha ulitandaze kitandani usiku mzima ili mikunjo ilainike. Kama kitambaa ni pamba yenye nguvu, waweza kupiga pasi ya moto mdogo kwa upande wa nyuma. Kama ni kikuukuu sana, acha pasi. Mikunjo michache si aibu.

Pili, litundike lisiumie. Usilipigilie misumari ukutani, kwa sababu uzito wote utavuta matundu mawili na nguo itapasuka. Wala usitegemee kamba ya kuanikia peke yake, kwa maana kamba hulegea katikati, na blanketi litapinda kama mgongo wa punda mzee. Njia iliyo bora ni hii: kata kitambaa kirefu kama upana wa blanketi, ukishone kiwe mfuko mwembamba ulio wazi ncha zote mbili, upana wake sentimeta 10 hivi. Ushone kwa mkono nyuma ya blanketi, kwenye pindo la juu, na sindano ishike kitambaa cha nyuma tu, isitokee mbele. Usiukaze mno, uache nafasi kidogo kwa unene wa ufito. Ndani yake pitisha ufito ulionyoka, unaozidi upana wa blanketi kidogo, na ncha zake ziweke juu ya misumari miwili au uzifunge kwa kamba mbili. Hivyo uzito utagawanyika sawasawa.

Kama huna nafasi ya kushona, tafuta fito mbili nyembamba, bana pindo la juu katikati yake, na uzifunge kwa kamba. Vijana wawili warefu waweza kuzishika uani, kila mmoja upande wake, wakisimama nyuma ya blanketi. Waambie wasicheke mpaka kazi iishe.

Tatu, chagua mwanga. Jua kali la saa sita ni adui: huleta vivuli vyeusi, na rangi huungua machoni. Taa ya simu nayo ni adui, kama ulivyokwisha kuona. Heri siku ya mawingu, au kivuli cha nyumba wakati wa asubuhi. Kama ukuta uko ndani, fungua dirisha na mlango, na mwanga utoke upande mmoja. Mwanga wa ubavuni huonyesha kila mshono, hata utaona mahali mkono wa mama ulipochoka na mahali ulipofanya haraka. Nyuma ya blanketi pawe na ukuta mtupu, bila kalenda, bila sufuria.

Nne, simama vizuri. Pangusa kwanza jicho la simu kwa kitambaa safi. Rudi nyuma hatua kadhaa, hata blanketi lote liingie na ukuta uonekane kidogo pande zote nne. Simu iwe mbele ya katikati ya blanketi, si juu wala chini, nayo isimame wima kama ukuta wenyewe. Ukiipiga kutoka chini, sehemu ya juu itaonekana nyembamba kuliko ya chini. Mkono ukitikisika, weka simu juu ya kigoda kilichopandishwa mezani. Piga mara tano, sita. Picha moja njema hutoka katika kumi.

Tano, usitosheke na picha moja. Piga blanketi zima. Piga karibu vile viraka mnavyovijua, ukiweka mkono wako kando ili ukubwa ujulikane. Piga na upande wa nyuma, kwa maana huko ndiko fundi huonekana. Mwisho piga picha moja watoto na wajukuu wakisimama kando yake. Kisha literemshe siku hiyohiyo. Blanketi la zamani likining'inia miezi mingi mishono hunyooka, na mwanga hula rangi.

Twafikia sasa jambo tulilolitaka tangu mwanzo: jina. Katika nchi yetu wenyewe, kule Kasai, akina mama wa Wakuba wametengeneza tangu zamani sketi ndefu za nguo ya ukindu wa mti wa mrafia, zenye viraka vya maumbo mengi vilivyoshonwa juu yake. Wanaume hufuma nguo, na wake zao hutia nakshi. Kazi hizo zimesafiri mbali. Nyingine zimo katika jumba la makumbusho la Tervuren, Ubelgiji, na watu huzistaajabia. Lakini katika majumba ya namna hiyo, mara nyingi kikaratasi cha chini hutaja kabila na mahali tu. Jina la mama aliyeketi miezi mingi na sindano halimo. Hakuna aliyeliuliza, hakuna aliyeliandika, nalo limepotea.

Kwa hiyo, mama, shona kijitambaa cheupe katika pembe ya nyuma ya blanketi, na juu yake utarizi kwa uzi: jina kamili la mama yenu, mahali alipolishona, na mwaka. Kukipiga picha kijitambaa hicho pia ni lazima. Kisha keti na shangazi yako, huyo mwenye shauri la mkasi, mtazame kiraka baada ya kiraka. Bila shaka ajua mengi: gauni hili lilikuwa la siku gani, ovaroli hii ilipata doa wapi. Andika yote. Picha zipeleke studio zichapishwe, kila ndugu apate nakala, na nyuma yake yaandikwe maneno hayo kwa kalamu ya risasi. Msiziache katika simu tu. Simu huibwa, huanguka majini, na mambo yote hupotea pamoja nayo.

Neno moja la kuangalia. Picha ikienda mbali, si kila aionaye ni ndugu. Mwaka 2007 baadhi ya washonaji wa Gee's Bend, naye Annie Mae Young akiwa mmoja wao, walipeleka mahakamani mambo ya mauzo na matumizi ya kazi zao. Kesi zilimalizika mwaka 2008. Basi mgeni akija kutaka blanketi au picha yake kwa biashara, ndugu wote watatu wakubaliane kwanza, na mapatano yaandikwe.

Na blanketi lenyewe je? Hatutawadanganya kwamba picha ni sawa na blanketi. Picha haifuniki mtu wakati wa baridi, wala haina harufu ya nyumba ya mama. Lakini itawapa ndugu zako kitu cha kushika wakati wakingoja zamu yao. Twatoa shauri likae mwaka mmoja kwako, mwaka mmoja Lubumbashi, na kaka yenu alichukue siku atakayokuja kuwatembelea. Kama mdogo wako bado ashikilia mkasi, mpelekee kwanza picha ya ovaroli ya baba, iliyopigwa karibu, katika mwanga mwema. Mwache aitazame siku mbili, kisha umwulize tena.

Utuandikie alivyojibu. Na ninyi wasomaji wengine, kama kuna kazi ya mkono wa bibi au mama katika sanduku la nyumba yenu, itoeni juma hili, mwulizeni aliye hai ni nani aliyeishona, na mliandike jina hilo kabla ya kupiga picha.