Mkutubi Akistaafu, Swali la Daktari Huenda kwa Nani?

Tangazo la mabadiliko ya watumishi katika maktaba ya chuo kikuu ni miongoni mwa maandiko yanayosomwa kwa haraka kuliko yote. Hubandikwa karibu na kaunta ya kuazimia vitabu, hurudiwa katika jarida la ndani, na lugha yake haibadiliki: mkutubi fulani amestaafu kwa mujibu wa sheria baada ya utumishi uliotukuka, fulani ameteuliwa kukaimu, kitengo cha huduma kwa wasomaji kimeunganishwa na kitengo cha rasilimali za kielektroniki, watumiaji wanaombwa radhi kwa usumbufu wowote utakaojitokeza. Wahadhiri humpa mstaafu mkono wa kwaheri, hupigwa picha pamoja naye, na wiki inayofuata kila mtu hurejea katika shughuli zake.

Katika chuo cha tiba, tangazo hilo lastahili kusomwa kwa makini yaleyale yanayotolewa kwa mabadiliko ya maabara au duka la dawa la hospitali. Maabara ikimpoteza fundi pekee anayejua kuendesha mashine fulani, wodi huhisi siku hiyohiyo, kwa kuwa majibu hayaji. Maktaba ikimpoteza mkutubi pekee anayejua kuyafuatilia maandiko ya kitabibu hadi yalikoanzia, hakuna anayehisi. Majibu huendelea kuja, tena upesi. Ila ni majibu pungufu, na upungufu wake hauonekani kwa aliyeyapokea.

Gharama ya upungufu wa aina hiyo ilidhihirika mwaka 2001 mjini Baltimore, Marekani, katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, ambacho hakina haja ya kuona wivu kwa maktaba ya chuo kingine chochote. Watafiti wa pumu walitaka kufahamu namna njia za hewa zinavyojilinda zisibane, na kwa ajili hiyo waliwapa watu wenye afya njema waliojitolea dawa iitwayo heksamethoniamu, waivute kwa pumzi. Dawa hiyo ilikuwa imetumika zamani kushusha shinikizo la damu, kisha ikaachwa. Mmoja wa waliojitolea, mwanamke mwenye umri wa miaka 24, mapafu yake yaliharibika, naye alifariki mwezi Juni.

Kabla ya kuanza utafiti, mtafiti mkuu alikuwa ametafuta taarifa za madhara ya dawa hiyo. Alitazama vitabu vya rejea na alipekua PubMed, hifadhidata ya makala za kitabibu inayotumiwa duniani kote. Hakukuta jambo la kumtia hofu. Lakini PubMed ya siku zile ilianzia mwaka 1966, ilhali makala zilizoeleza madhara ya heksamethoniamu katika mapafu zilichapishwa katika miaka ya 1950. Zilikuwa zimeorodheshwa katika fahirisi za kuchapishwa, yale majuzuu mazito ambayo maktaba kongwe za tiba huyahifadhi katika rafu za chini na ambayo wanafunzi huyapita bila kuyageuzia shingo. Baada ya kifo, haikuchukua muda mrefu kuonesha kwamba ushahidi ulikuwapo na ulikuwa unapatikana.

Haki inadai isemwe kwamba kasoro hazikuwa katika utafutaji peke yake. Uchunguzi uliofuata ulizitaja nyingine, zikiwamo za fomu ya ridhaa na za namna kamati ya maadili ilivyoufanyia kazi mradi huo. Mwezi Julai serikali kuu ya Marekani ilisimamisha kwa muda takriban tafiti zote zilizohusisha watu ambazo ilikuwa ikizigharimia katika taasisi hiyo. Hata hivyo, hatua ya kwanza kabisa, ile ya kuuliza wengine walikwishaona nini, ilifanywa bila mtu ambaye kazi yake ni kujua hifadhidata inaanzia wapi na inaishia wapi. Mtafiti hakuwa mzembe. Alifanya walivyokuwa wakifanya wengi. Alichokosa ni mtu wa kumwambia kwamba ukimya wa kompyuta hauna maana sawa na kutokuwapo kwa maandiko.

Miaka kumi baadaye, chuo hichohicho kilitoa tangazo la mabadiliko ya maktaba. Maktaba ya Tiba ya Welch, ambayo jengo lake lilifunguliwa mwaka 1929, ingefunga milango yake kwa wasomaji kuanzia tarehe 1 Januari 2012. Majarida mengi yalikuwa yamehamia katika mfumo wa kielektroniki, walioingia kwa miguu walipungua, na wakutubi walikuwa wamekwisha kuanza kuhamishiwa katika idara na kliniki, wakae pamoja na madaktari na watafiti. Malalamiko yalizuka mara moja kutoka kwa wanataaluma na wanafunzi, utekelezaji ukasitishwa, na suala likapelekwa kwenye kamati.

Waliolililia jengo walieleweka. Jengo la maktaba lina heshima yake, na mwanafunzi anayeishi wanne katika chumba kimoja anahitaji meza, taa na utulivu kuliko anavyohitaji hotuba kuhusu zama za kidijitali. Lakini kwa upande wa usalama wa mgonjwa, sehemu iliyokuwa na uzito zaidi katika mpango ule ni ile iliyozungumzwa kidogo: wakutubi wanakwenda wapi, wangapi, na watafanya nini wakifika huko? Maktaba yaweza kupoteza ukumbi wake na ikaendelea kuwa maktaba, iwapo wale wanaojua kutafuta wamebaki na wanafikika. Yaweza pia kubaki na ukumbi wenye marumaru na viyoyozi, ikawa ni chumba cha kujisomea tu.

Wazo la kumtoa mkutubi kwenye kaunta na kumpeleka kitandani kwa mgonjwa si la juzi. Mwaka 1971, katika shule ya tiba ya Chuo Kikuu cha Missouri huko Kansas City, Gertrude Lamb alianzisha utaratibu wa wakutubi kufuatana na madaktari katika raundi za wodini, kusikiliza maswali yanapozaliwa na kurudi na makala zinazohusika. Mwaka 2000, Frank Davidoff na Valerie Florance walipendekeza katika jarida la Annals of Internal Medicine kwamba kuwe na taaluma kamili ya mtaalamu wa taarifa ndani ya timu ya tiba, mwenye ujuzi wa maktaba na wa kliniki kwa pamoja. Wapo waliouliza kama kazi hiyo ina matokeo yoyote yanayopimika. Utafiti wa Joanne Marshall uliochapishwa mwaka 1992, uliofanyika katika hospitali 15 za eneo la Rochester, jimbo la New York, uliwauliza madaktari 208 waliokuwa wameomba taarifa kutoka maktaba zao kuhusu wagonjwa halisi. Asilimia 80 walisema kwamba taarifa hizo ziliwafanya, au huenda ziliwafanya, wabadilishe jambo fulani katika huduma waliyotoa. Ni maelezo ya madaktari wenyewe, na yana udhaifu wa kila maelezo ya aina hiyo. Lakini ni vigumu kuyasoma na bado kumwona mkutubi kuwa ni mlinzi wa funguo.

Katika Afrika Mashariki mabadiliko yalipita njia nyingine. Hapa kilichowatesa madaktari kwa miongo mingi kilikuwa ni rafu zenyewe: majarida yaliyosita kuja pale fedha za kigeni zilipokwisha, matoleo yaliyoruka miaka, kitabu kimoja kwa darasa zima. Mwezi Januari 2002 Shirika la Afya Duniani pamoja na wachapishaji wakubwa walizindua mpango wa HINARI, uliozifungulia taasisi za nchi zenye kipato cha chini maelfu ya majarida ya tiba, bila malipo au kwa gharama nafuu. Mhadhiri wa Dar es Salaam, Kampala au Mwanza akaweza kusoma makala ileile aliyoisoma mwenzake wa London, tena siku ileile. Ni miongoni mwa mabadiliko makubwa kuliko yote yaliyopata kuzifikia maktaba za tiba za ukanda huu.

Ndipo lilipozaliwa kosa. Kwa kuwa majarida yalihamia katika kompyuta, ilionekana ni busara kwamba maktaba nayo ihamie chini ya wataalamu wa kompyuta. Mkutubi anastaafu, nafasi yake inasubiri kibali cha ajira, wakati wa kusubiri, majukumu yake yanakabidhiwa kwa kitengo cha TEHAMA, kibali kikichelewa, muda wa mpito unageuka kuwa muundo. Wataalamu wa TEHAMA si wa kulaumiwa. Wanahakikisha mtandao uko hewani na nywila zinafanya kazi, na bila wao hakuna kinachosomeka. Lakini kufungua mlango wa hifadhidata ni jambo moja, na kujua kwamba makala kuhusu kifafa cha mimba zimeorodheshwa chini ya istilahi tatu tofauti kulingana na mwaka ni jambo lingine. Fundi umeme aliyeweka taa katika chumba cha upasuaji hatakiwi kushika kisu.

Kwamba mlango uliofunguliwa hautoshi, Liberia ni shahidi. Ebola ilipoiangamiza nchi hiyo mwaka 2014, dunia ilishangaa ugonjwa wa Afrika ya Kati umefikaje Afrika Magharibi. Mwaka uliofuata, Bernice Dahn, aliyekuwa mganga mkuu wa serikali ya Liberia, akiwa na wenzake wawili, aliandika katika gazeti la New York Times kuhusu makala ya mwaka 1982, ambamo wanasayansi wa Ujerumani walieleza kwamba baadhi ya sampuli za damu kutoka Liberia zilikuwa na kingamwili za Ebola, na kwamba nchi hiyo ihesabiwe katika eneo la ugonjwa. Miongoni mwa waandishi hawakuwamo Waliberia. Kuipakua makala hiyo kuligharimu dola 45.

Dahn na wenzake walilaumu, na kwa haki, bei na tabia ya watafiti kuchukua damu na kuondoka. Lakini kuna swali la tatu. Hata kama makala ile ingekuwa bure tangu siku ya kwanza, ilikuwa kazi ya nani kuitafuta? Daktari wa hospitali iliyofurika wagonjwa hana saa za kupekua majarida ya virolojia ya miaka thelathini iliyopita. Wizara hupekua inapokuwa na mtu aliyeajiriwa kupekua. Katika nchi ambako chuo cha tiba ndicho chenye wakutubi wa tiba, mtu huyo huanzia katika ikama ya maktaba ya chuo, ama haanzii popote.

Wapo wanaojibu kwamba siku hizi hata hilo limepitwa na wakati, kwa kuwa programu za kompyuta hujibu swali lolote kwa sekunde chache. Zina manufaa yake. Lakini programu hizo zimekwisha julikana kwa kutaja makala ambazo hazijapata kuandikwa, zikiwa na majina ya waandishi na namba za kurasa, na msomaji asiye na mtu wa kumthibitishia huzipokea kwa shukrani. Hitaji la mkutubi halikupungua hapo.

Jibu zito zaidi ni la fedha. Bajeti haitoshi, na mkuu wa chuo anayepaswa kuchagua kati ya mhadhiri wa ganzi na mkutubi hatamchagua mkutubi. Pengine hata hakosei. Ndiyo maana ni afadhali kuomba jambo ambalo halingoji bajeti. Kustaafu hakumshtukizi mtu yeyote. Tarehe yake iko katika jalada la mtumishi tangu siku alipoajiriwa. Miaka miwili kabla ya tarehe hiyo, mkutubi mdogo aweza kuketi pamoja na anayeondoka: ajifunze naye mapitio ya kimfumo ya maandiko, aende naye kwenye vikao vya kamati ya maadili ya utafiti, arithi kumbukumbu za maswali ya miaka yote na njia zilizotumika kuyajibu. Mara nyingi kumbukumbu hizo ziko katika daftari la mstaafu au katika kompyuta yake binafsi, nazo huondoka naye siku ya keki na soda. Kamati ya maadili nayo yaweza, bila kuongeza hata shilingi moja, kumtaka kila mtafiti anayekusudia kumpa mtu dawa aeleze nani alimsaidia kutafuta maandiko, katika hifadhidata zipi, na kuanzia mwaka gani.

Katika vyuo vikuu vya umma vya Tanzania wakutubi wana ngazi zao za kitaaluma, wanapanda kwa machapisho kama wahadhiri, na baadhi yao wamefika mbali. Ngazi hizo hazina maana ikiwa aliye chini hana wa kumfundisha na aliye juu amegeuzwa msimamizi wa mahudhurio ya watumishi na msaini wa hati za manunuzi.

Tangazo lijalo la maktaba, basi, liendelee kumshukuru mstaafu na kumtaja anayekaimu. Liongezewe mstari mmoja unaosema kwamba kuanzia tarehe fulani, daktari au mtafiti mwenye swali linalohitaji utafutaji kamili wa maandiko atalipeleka kwa mtumishi fulani, katika chumba fulani, kwa saa fulani. Na kama mtumishi huyo hayupo, tangazo liandike kwamba hayupo, nakala yake ipelekwe kwa mwenyekiti wa kamati ya maadili.