Bonasi ya Chai Kericho na Bomet: Bei Ilifungwa, Majani Yakalala Stoo

Kama umekulia Kabianga, Litein ama Mogogosiek, unajua bonasi ni nini. Ndiyo fee ya chuo, ndiyo mabati, ndiyo doh ya kumaliza deni la duka. Bonasi ya 2025 ilipotoka, wakulima wa Kericho na Bomet waliteta vibaya, wenzao wa Kirinyaga na Murang'a wakipata kubwa kuliko yao. Wasee wengi walisema ni wizi tu. Lakini kuna hesabu moja ambayo itabaki hata ukifuta kazi wakubwa wote.

Julai 2021, KTDA iliweka bei ya chini kabisa kwenye mnada wa Mombasa: dola 2.43 kwa kilo. Nia ilikuwa poa, mkulima asinyonywe. Shida ni kwamba chai hazilingani. Ya mashariki mwa Bonde la Ufa huuzwa ghali, kwa hivyo bei hiyo haikuisumbua sana. Ya magharibi, mnunuzi aliionja, akaona haifiki hapo, akapita. Na mnada huo huo una chai ya Uganda na Rwanda.

Sasa cheki. Kiwanda cha soda kikikosa wateja, kinazima mashine. Chai haizimwi. Majani yanachunwa kila wiki moja ama mbili, na yanafaa kufika kiwandani siku hiyo hiyo. Bei ikasimama, mashine zikaendelea kusaga, stoo zikajaa mamilioni ya kilo. Na chai ikilala sana, ladha inapotea huku kodi ya stoo ikihesabika.

2024 bei hiyo ikaondolewa. Chai ya zamani ikamwagika sokoni ikakutana na mpya, na bei ikapata presha. Juu ya hayo, dola iliyokuwa karibu Sh160 mwanzoni mwa 2024 ikashuka hadi kama Sh129. Chai inauzwa kwa dola, lakini mathe analipwa kwa shilingi.

Somo ni hili: kampuni ikizuia bei isisonge, mzigo ndio husonga. Unaingia stoo leo, bili inakuja kesho.

Kwa hivyo mwanasiasa akikuja hapo kituo cha kupima majani akiahidi bei ya lazima, muulize maswali mawili tu: isiponunuliwa italala wapi, na nani atalipa?