1/10 ya nini?



Siku hizi mabwenini kuko ubishi mukubwa juu ya mituka ya telekomande, ile ya magurudumu marefu ambayo Wamarekani wanaita monsta traki. Wengi wameiona mu telefone wakati wa likizo. Huyu anasema: "Ya 1/8 ndiyo kubwa." Yule anajibu: "Hapana, ya 1/10 inapita, juu 10 inapita 8!" Kama ni mchezo tu, ningenyamaza. Lakini sasa ubishi huo umeingia mu maonyesho yetu ya mwisho wa mwaka. Kuna shauri kwamba mituka ya waya na ya mbao tunayotengeneza igawanywe mafungu kwa kufuata eshele ambayo kila mtu ameandika mwenyewe juu ya kazi yake. Mimi nakataa shauri hilo. Sababu zangu ni hizi.

Kwanza tukumbuke mwalimu wa jiografia anavyotufundisha. Eshele si ukubwa. Eshele ni uhusiano kati ya kitu kidogo na kitu cha kweli. Karta ya 1/200 000 inasema: sentimita moja hapa ni kilometa 2 kule. Hivi na mutuka: kama ule wa kweli una mita 5, ule wa 1/10 lazima uwe na sentimita 50, na ule wa 1/5 uwe na mita moja. Kwa hiyo namba ya chini ikizidi, mutuka unapunguka. Yule aliyesema kwamba 10 inapita 8 arudi kwanza mu somo la sehemu.

Lakini hata yule mwingine asijisifu upesi. Tuangalie mituka yenyewe. Mutuka wa kweli wa namna hii ulitokea Marekani. Bob Chandler, mutu wa St. Louis, alianza na pikapu yake ya Ford F-250 ya mwaka 1974, akaiita Bigfoot. Leo mituka ya mashindano kule ina urefu wa karibu mita 6, na gurudumu lake lina kimo cha sentimita 168 hivi, maana yake linafika mu shingo ya wengi wetu. Mu mwaka 1987 kampuni ya Tamiya ya Japani ilitoa wa kuchezea wenye jina Clod Buster, na juu ya sanduku iliandika 1/10. Kampuni zingine nazo zilitumia namba ile ile.

Sasa chukueni mituka miwili ya kampuni moja ya Marekani, Traxxas. Wa kwanza unaitwa Stampede, urefu wake milimita 413. Wa pili unaitwa E-Maxx, urefu wake milimita 518. Yote miwili imeandikwa 1/10! Tofauti ni zaidi ya sentimita 10. Gawanyeni 518 kwa 413, mutapata karibu 1,25. Kama upana na kimo vinaongezeka vilevile, basi ujazo unaongezeka 1,25 mara 1,25 mara 1,25, ndiyo karibu mara mbili. Eshele moja, lakini mutuka mumoja unajaza nafasi ya miwili. Namna gani hiyo?

Tuendelee na hesabu. Kama mutuka wa kweli una mita 6, basi Stampede iko karibu 1/15, na E-Maxx iko karibu 1/12. Hakuna hata mumoja unaofika 1/10. Kuna na mwingine wa kampuni ile, X-Maxx, uliotoka mwaka 2015. Una urefu wa milimita 779. Maduka mengine yanauandika 1/5, mengine 1/6. Sisi tukigawanya tunapata karibu 1/8. Tukipima gurudumu lake, lenye sentimita 20 hivi, tunapata tena karibu 1/8. Mita inasema neno moja mara mbili, lakini maandishi ya duka hayapatani hata yenyewe kwa yenyewe.

Je, wauzaji hao ni wadanganyifu? Siwezi kusema hivyo. Kwao namba ile imegeuka kuwa jina la jamaa. Stampede inatumia vyombo vingi sawasawa na vya mituka midogo ya mbio ya 1/10: chini ni ndugu moja, juu wamebadilisha magurudumu na bodi. Kwa hiyo 1/10 inamwambia mununuzi ni jamaa gani ya vyombo. Haimwambii urefu. Mununuzi mwenye akili anaacha sanduku, anauliza urefu, upana, na nafasi toka gurudumu la mbele hadi la nyuma. Asiyeuliza analipa feza nyingi, kisha anashangaa nyumbani.

Sasa turudi mu maonyesho yetu. Wazeni mutoto wa mwaka wa kwanza ambaye amesimama mbele ya lori la kweli na kamba mukononi. Amepata mita 9, akatengeneza lake la waya la sentimita 30, akaandika 1/30. Ni kweli tupu. Mukubwa wake hakupima kitu. Ametengeneza wa sentimita 60, mutuka mukubwa wa kuvutia macho, akaandika 1/30 vilevile, juu namba hiyo ilimupendeza. Kwa shauri hili wataingia fungu moja. Watu watatazama ule mukubwa, watapiga makofi, na zawadi itakwenda kule. Yule mudogo atajifunza nini? Atajifunza kwamba kamba yake ilikuwa kazi bure, na mwaka ujao ataandika namba inayomufaa. Hapo ndipo ninaogopa, kwa sababu masomo yetu yote ya hesabu yatakuwa yameshindwa na kipande cha karatasi.

Sisi ni wanafunzi wa shule ya Kikristo. Kumbukumbu la Torati sura ya 25 inamukataza mutu kuweka mu mufuko mawe mawili ya kupimia, moja kubwa na moja dogo. Eshele ya kuandika tu pasipo kupima ni jiwe la pili mu mufuko. Njia ya mwongo ni fupi, na mita ya mwalimu wa kazi za mikono itaifupisha zaidi.

Basi naomba kamati ya maonyesho mambo matatu. La kwanza: mafungu yapangwe kwa urefu uliopimwa mbele ya wote, sentimita kwa sentimita. La pili: anayetaka kuandika eshele aandike na kitu cha kweli alichokipima, na urefu wake, kusudi kila mutu aweze kugawanya. La tatu: iwe zawadi moja ya pekee kwa yule ambaye hesabu yake inapatana na kazi yake, hata kama mutuka wake unaenea mu kiganja.

Na ninyi wenye kubishana usiku baada ya taa kuzimwa, nawaomba kitu kimoja. Mutu akiwaambia 1/10, mumuulize kwa upole: 1/10 ya nini? Akijibu, mumusikilize. Akikosa jibu, mulale.

Mukubwa wa wanafunzi, mwaka wa mwisho.