Cuzo, Chagua Shule. Nakuambia Mimi Niliyeiacha

Grupu ya WhatsApp ya familia yetu haijatulia wiki mbili sasa. Kawaida hapo ni michango ya harusi na picha za "asubuhi njema" zenye maua. Lakini cuzo yangu wa Texas, miaka 17, amewasha moto. Amepata ofa mbili za kucheza mpira chuoni. Moja ni ya chuo kati ya vile vinane vya Ivy League. Nyingine ni ya chuo kikubwa cha mpira, kile ambacho kila Jumamosi ya mechi uwanja unajaa watu karibu laki moja.

Na nikisema mpira simaanishi Gor na Ingwe. Namaanisha ule wao wa helmeti na mabega ya plastiki.

Shangazi ni nesi, anataka Ivy. Baba ya cuzo anaendesha lori, anataka uwanja wa laki moja. Mjomba wa Nakuru akauliza, "Kama hiyo Ivy ni ligi, mbona mnaiita shule?" Watu wakacheka, lakini mjomba hakukosea. Ivy League kwa karatasi ni ligi ya michezo. Waliandikiana makubaliano mwaka 1954, na moja ya masharti ni kwamba hakuna kumlipia mtu karo kwa sababu anajua mpira. Utasaidiwa kulingana na mfuko wa wazazi wako, basi.

Jana usiku cuzo akanipigia mwenyewe. "Bro, wewe uliacha campo na uko sawa. Niambie ukweli."

Wasee, nilikaa kimya. Kwa sababu najua alichotaka kusikia.

Wacha nianze na upande wa doo, maana hapo ndipo watu wazima wanapenda kudanganya watoto. Zamani ungeambiwa mchezaji wa chuo halipwi, analipwa kwa elimu. Hiyo ilikwisha. Tangu Julai 2021 wachezaji wanaruhusiwa kupata pesa za matangazo kwa jina lao. Halafu Juni 2025 jaji akapitisha makubaliano yanayoruhusu vyuo vyenyewe kuwalipa. Kwa mwaka wa kwanza, chuo kimoja kinaweza kugawia wanamichezo wake hadi karibu dola milioni 20.5. Hiyo kwa shilingi ni kama bilioni 2.6. Chuo kimoja! Na kwa vyuo vikubwa, mpira ndio unameza sehemu kubwa. Vyuo vya Ivy vilikataa kujiunga.

Kwa hivyo mtu akikuambia kijana anayechagua chuo cha mpira ni mjinga, muulize kama amewahi kuona mama yake akifanya shifti mbili za usiku mfululizo. Pesa ni kitu halisi. Sitamcheka mtu kwa kuitaka.

Lakini hesabu haiishii hapo. Mwaka 2025 timu zote 32 za NFL zilichagua wachezaji 257 kutoka vyuo vyote. NCAA wenyewe wanasema wachezaji wa chuo wanaofika huko hawafiki wawili kati ya mia. Kwa hivyo swali la cuzo si kama yeye ni mkali. Ni mkali, nimeona video zake. Swali ni atabaki na nini akiwa kati ya wale 98.

Jibu la haraka ni "atabaki na digrii." Pole pole. Digrii gani?

Chuo Kikuu cha North Carolina pale Chapel Hill kina jina kubwa. Uchunguzi uliotolewa Oktoba 2014 ulionyesha kwamba kwa miaka 18 hivi kulikuwa na kozi hewa. Hakuna mwalimu, hakuna kuingia darasa, unaandika karatasi moja na unapata alama safi. Zaidi ya wanafunzi 3,100 walipitia hapo, karibu nusu yao wanamichezo. Hebu fikiria umecheza miaka minne, magoti yameisha, halafu unagundua cheti chako kina kozi ambazo hazikuwahi kufundishwa.

Na usidhani jina la chuo litakulinda. Northwestern ni chuo cha watu wa vichwa. Kwota-beki wao Kain Colter aliingia akitaka kusomea udaktari. Mwaka 2014, wachezaji wa pale walipojaribu kuunda chama cha wafanyakazi, alieleza vile kozi ya kemia aliyohitaji iligongana na mazoezi. Mazoezi yakashinda. Aliishia kusoma saikolojia. Afisa wa kazi aliyesikiza kesi hiyo alipata kwamba wakati wa msimu wanatumia saa 40 hadi 50 kwa wiki kwa mpira. Hiyo ni kazi ya ofisi, halafu ndio uanze kusoma.

Sasa kuna Myron Rolle, ambaye nilimtumia cuzo video zake hiyo hiyo usiku. Wazazi wake ni wa Bahamas, wahamiaji kama shangazi yangu. Alicheza Florida State, chuo kikubwa cha mpira, na akamaliza digrii kwa miaka miwili na nusu. Akapata ufadhili wa Rhodes. Badala ya kukimbilia NFL mwaka 2009, akaenda Oxford kusoma mwaka mzima. Unajua NFL walifanya nini? Walimshuku. Wakaona huyu kijana hapendi mpira vya kutosha. Wengi walitarajia achukuliwe mapema. Mwaka 2010 akachaguliwa wa 207, na hakuwahi kucheza hata mechi moja ya msimu wa kawaida.

Leo Rolle ni daktari wa upasuaji wa ubongo. Kitu kile kile walichomwadhibu nacho ndicho kilichomlisha.

Ndio, cuzo anaweza kuniambia, "Si huyo alienda chuo cha mpira?" Kweli. Lakini alipigania darasa lake kila siku mahali ambapo kila kitu kilimvuta uwanjani. Si kila mtu wa miaka 18 ana hiyo nguvu. Mimi sikuwa nayo.

Na upande wa pili, mlango wa mpira haufungwi ukichagua vitabu. Ryan Fitzpatrick alitoka Harvard, akachaguliwa nambari 250 mwaka 2005, karibu wa mwisho kabisa, na akacheza NFL misimu 17. Andrew Luck angeweza kuondoka Stanford mapema. Alirudi kumaliza digrii yake ya usanifu na bado akachaguliwa wa kwanza mwaka 2012. Alienda Colts, timu ile ile iliyomtoa Mkenya wetu Daniel Adongo kwa raga mwaka 2013. Halafu majeraha yakamzidi Luck, na 2019 akastaafu akiwa na miaka 29. Hata nambari moja mwili humwambia imetosha.

Sasa nije kwangu, maana najua mnangoja.

Niliacha campo mwaka wa tatu. Hakuna aliyenifukuza. Video zilikuwa zinaingiza pesa kuliko lekchara wangu, na kila nikiingia darasani nilikuwa nahesabu vyuz. Mathe alilia. Mimi nilinunua simu mpya.

Mwaka uliopita akaunti yangu kubwa ilifungwa ghafla. Wiki tisa. Hakuna wa kupigia, ni ujumbe wa roboti tu. Wiki tisa sina senti, na HELB bado wananidai pesa ya digrii ambayo sina. Nilituma maombi ya kazi sehemu kumi na moja. Kila fomu ilikuwa na ile nafasi ya "kiwango cha elimu." Nilikuwa naandika "Kidato cha Nne" halafu natazama ukuta.

Akaunti ilirudi. Niko sawa, cuzo hakudanganya. Lakini "niko sawa" yangu inamilikiwa na mtu nisiyemjua, anayeweza kuizima kesho. Kocha ndivyo alivyo. Anaweza kufutwa, mwingine aje na kwota-beki wake, na wewe ukae benchi.

Kwa hivyo nilimwambia cuzo achague Ivy. Si kwa sababu ya jina, ni kwa sababu anataka uhandisi na hapo hatachekwa kwa kuutaka. Na akimaliza miaka yake minne akiwa na msimu mmoja umebaki, Ivy hawaruhusu mtu wa shahada ya pili acheze, lakini timu kubwa zinaruhusu. Wengi wanahama hivyo. Uwanja wa laki moja utamkuta na digrii mfukoni.

Ila kabla hajasaini, nilimwambia awaulize makocha wote wawili maswali matatu. Wachezaji wangapi wa timu yako wanasomea uhandisi? Maabara ikigongana na mazoezi, nani anashinda? Nikivunjika goti mwaka wa pili na nisirudi uwanjani, nani analipa karo yangu? Kocha akianza kuzunguka zunguka, umeshajibiwa.

Aliniuliza, "Na wewe, ungerudi?"

Nilimwambia nitamjibu akishasaini. Ukweli ni kwamba fomu ya kurudi campo iko kwa meza tangu Jumatatu. Sijaijaza. Lakini pia sijaitupa.

Baba yake bado amekasirika nami, amenitoa kwa grupu. Mjomba wa Nakuru amenirudisha.